Merikani, Kaniki na Mifumo ya Kompyuta

Kamati ya gazeti letu imeniomba niandike juu ya mifumo ya kompyuta: ipi imewafaa watu kwa kazi za kila siku, na ipi haikuwafaa. Swali hili si la mafundi peke yao. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha matunzo ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida. Shule, ofisi ndogo na maduka ya kupiga chapa yamebaki na mashine nzima, hazina kasoro ila hiyo. Mimi si fundi. Ni mtumishi wa serikali niliyekaa miaka mingi mbele ya mashine hizi, na chuo kikuu nilisoma historia. Basi nitajibu kwa njia ninayoijua.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mfumo wa uendeshaji ni programu inayoamka kwanza mashine inapowashwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayotunza mafaili kwenye diski, inayoongea na printa, na inayozipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Mtu aandikaye barua haandiki kwa Windows. Anaandika kwa programu ya kuandikia iliyokaa juu ya Windows. Walakini, kama programu aliyoizoea inapatikana katika mfumo mmoja tu, mfumo huo ndio utakaomtawala, apende asipende.

Sisi tuliosoma Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na fedha ya njiani ilikuwa nguo, ushanga na nyaya za shaba. Mpagazi alibeba hadi frasila mbili, yaani kama kilo 32, na sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa nguo iitwayo merikani. Hiyo ni pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na majahazi ya wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Marekani kutiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Kulikuwa pia na kaniki, nguo ya buluu nzito kutoka India. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, Burton aliandika kwa kirefu habari za nguo na ushanga, akaeleza kwamba ushanga uliotakiwa sana mahali pamoja ulikataliwa kabisa mahali pengine. Mfanyabiashara aliyekosea kuchagua aliweza kuwa na mizigo tele na bado akalala na njaa.

Merikani ilipokelewa karibu kila mahali. Haikuwa nguo bora kuliko zote. Vitambaa vya Maskati na Surati viliipita mbali kwa urembo. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kituo kinachofuata watu wangeipokea.

Nimesoma maandishi mengi yanayoshindanisha mifumo ya kompyuta, na karibu yote huuliza ipi ina kasi na ipi ina sura ya kupendeza. Kwa watu wa Tabora, na nadhani kwa nchi nzima, swali lilikuwa lile lile la msafara: kituo kinachofuata wataipokea?

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Hiyo haikuwa kompyuta ya mtu mmoja mezani pake, bali mtambo wa kuwekewa chumba chake. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya hesabu na gharama, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Vijana hucheka wanaposikia habari hii. Mimi sicheki sana. Nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, iliyonunua mtambo ambao wenyewe hatukuweza kuutengeneza ukiharibika, ilikuwa na sababu zake. Lakini matokeo yake yafaa yakumbukwe. Kompyuta ya mezani ya IBM ilitoka mwaka 1981, na Macintosh ya Apple mwaka 1984, wakati ofisi zetu zikiendelea na mashine ya taipu, karatasi ya kaboni na stensili. Masharti yalipolegezwa, ushindani wa mifumo ulikuwa umekwisha kuamuliwa ng'ambo. Mfumo wa CP/M ulikuwa umezikwa, Macintosh ilikuwa ya wenye uwezo, na sisi tukaletewa mshindi, ambaye ni DOS ya Microsoft. Kwa hiyo ieleweke kwamba Tabora haikuchagua DOS. Iliikuta.

Wanafunzi wa sasa hawakuiona DOS, nami nitawaeleza kwa ufupi. Kioo kilikuwa cheusi, bila picha wala kipanya. Uliandika amri, kama DIR kuona orodha au COPY kunakili, ukabonyeza kitufe na kungoja. Jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu. MSHAHARA liliingia, maana lina herufi nane kamili. MTENDENI nalo liliingia. MAENDELEO halikuingia, wala UNYANYEMBE, na makarani walibuni vifupisho ambavyo baada ya miezi sita hata wenyewe hawakuvielewa. Mashine ikizimika kwa umeme kukatika, kazi ambayo haikuhifadhiwa ilipotea. Juu ya DOS watu walitumia WordPerfect kwa barua na Lotus kwa hesabu. Katika WordPerfect 5.1 iliyotoka mwaka 1989, F10 ilihifadhi, F7 ilifunga, na Shift pamoja na F7 ilipeleka kazi kwenye printa. Mpiga chapa mzoefu hakuhitaji kuangalia chini. Kwa kasi ya kuandika barua tupu, sidhani kama mfumo wowote uliokuja baadaye umemshinda mtu yule.

Hapa Tabora ina nafasi yake katika historia hii, na sijaona mtu akiitaja. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho mwaka 2000 kiliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma, kimetoa makatibu muhtasi waliotumika kila pembe ya nchi. Katibu aliyefunzwa Tabora alipopangiwa Mtwara au Bukoba alikwenda na ujuzi wake vidoleni, na ofisi iliyompokea ilikuwa na kila sababu ya kununua kile ambacho vidole vile vilikijua. Zamani Unyanyembe ilipeleka wapagazi pwani. Safari hii ilipeleka mazoea.

Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995, ikatufikia polepole, aghalabu ikiwa ndani ya mashine zilizokwisha kutumika Ulaya. Majina marefu yaliruhusiwa, hata MAENDELEO. Mtu asiyejua amri aliweza kuelekeza kipanya kwenye picha na kubofya, na hilo lilifungua mlango kwa maelfu ambao DOS ingewatisha. Maduka ya kupiga chapa na kutoa fotokopi, katika mitaa ya mjini kama Mtendeni na kwingineko, yaliingia katika Windows na hayakutoka tena. Sababu tusizifiche. Bei ya leseni ilikuwa kubwa kuliko mapato ya duka, na sidii ya kunakili ilipatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Sheria ya Hakimiliki, namba 7 ya mwaka 1999, ilikuwapo, lakini sijui wangapi mtaani waliisoma. Mfumo uliouzwa ghali ukawa kwetu ni wa bure, na mfumo uliokuwa wa bure kwa haki haukupata nafasi ya kuonyesha faida yake ya kwanza. Fundi naye alifuata wingi: alijifunza kutengeneza kile kilichomletea wateja, na mteja alinunua kile ambacho fundi aliweza kutengeneza.

Macintosh nitaipita haraka. Ni mashine nzuri, hudumu, na mfumo wake una utulivu. Lakini yule aliyekuwa nayo Tabora, ikiharibika, aliipeleka Dar es Salaam au aliifunika kitambaa.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo kwetu ndiyo yaliyopima mfumo kuliko kasi na sura, nayo ni umeme na virusi.

Windows 95 na 98 zilitunza mafaili kwa utaratibu wa zamani uitwao FAT. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kitabu cha orodha kilibaki kikisema jambo moja na ghala likisema jingine, na mashine ilipowashwa tena ilikaa muda mrefu ikikagua diski yake. Windows XP ya mwaka 2001 iliwaletea watu wa kawaida utaratibu wa NTFS, na Linux nayo ikapata ext3 wakati huo huo hivi. Taratibu hizi mbili hufanya kama mtunza ghala mwaminifu, ambaye kabla ya kuhamisha gunia huandika daftarini, "Nataka kuhamisha gunia hili." Taa zikizimika, asubuhi anasoma daftari na kujua alipoishia. Kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, hayo yalikuwa maendeleo makubwa kuliko rangi zote za kioo, na ndiyo maana watu waliing'ang'ania XP hata baada ya Microsoft kuacha kuitunza Aprili 2014.

Kuhusu virusi, XP ilitutesa. Kati ya mwaka 2005 na 2012 hivi mtandao ulikuwa haba, na kazi zilisafiri kwa flashi kutoka nyumbani kwenda dukani, dukani kwenda ofisini, ofisini kwenda wilayani. Windows ya siku hizo ilikuwa na tabia ya kutekeleza yenyewe kilichoandikwa ndani ya flashi mara tu ilipochomekwa, na virusi vikaitumia tabia hiyo kama njia ya misafara. Conficker, iliyoanza Novemba 2008, ilienea dunia nzima kwa mtandao na kwa flashi. Vingine vilificha mafaili ya mtu na kumwachia vivuli vyake. Marekebisho ya Microsoft ya kuizima tabia hiyo katika XP yalisambazwa kwa wingi Februari 2011, lakini mashine yenye sidii ya kunakili na isiyo na mtandao ingeyapata wapi?

Katika ofisi moja niliyofanya kazi mwaka 2009, jina nalihifadhi, orodha ya wastaafu iliyoandaliwa kwa wiki tatu ilitoweka kwenye flashi siku moja kabla ya kupelekwa. Orodha ile ilikuwa ya wazee wanaongoja haki yao; kuchelewa kwake hakukuwa jambo la makaratasi tu. Kijana aliyekuwa akifanya mazoezi ya kazi alileta sidii ya Ubuntu, akawasha mashine kwa sidii hiyo bila kugusa Windows, akafungua flashi, na majina yote yalikuwapo. Kirusi kilikuwa kimeyaficha kwa Windows tu. Mfumo mwingine haukujali maficho yale. Alinakili, akachapa, orodha ikaenda. Asubuhi yake sote tulirudi katika Windows, na sidii ile ikawekwa kwenye droo.

Droo ile inaeleza historia nzima ya Linux kwetu. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, na masharti yake yanamruhusu kila mtu kuinakili, kuichunguza na kuibadili. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ilitolewa Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Hadi mwaka 2011 waliweza kukutumia sidii kwa posta bila malipo. Haikusumbuliwa na virusi vya flashi, haikuomba leseni, ilifanya kazi katika mashine dhaifu. Kwa vipimo vya kawaida ilistahili kushinda. Lakini barua iliyoandikwa kwa OpenOffice ilipofunguliwa katika Word ya ofisi ya pili, majedwali yalihama na mistari ikavunjika, na mkubwa akauliza ni nani aliyeandika takataka hii. Ilikuwa nguo ya Maskati katika nchi inayotaka merikani.

Palikuwa na jaribio moja la heshima ambalo ningependa wanafunzi walijue. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden kiliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba mwaka huo ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu inayoongea Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kazi ya Kiswahili, na baadaye ikatoa vifurushi vya lugha vya kubandikwa juu ya Windows na Office. Vifurushi hivyo vilifunika sehemu zinazotumika zaidi tu. Ukiingia ndani kidogo ulirudi katika Kiingereza, kama nyumba iliyopakwa chokaa upande wa barabarani. Kiswahili chake, kwa hesabu za kampuni, kiliandikishwa kuwa cha Kenya.

Kwa nini havikushika? Wengine husema Watanzania hawapendi lugha yao. La, hasha. Kufikia wakati huo watu walikuwa wamekwisha kujitengenezea Kiswahili chao cha kompyuta: kusevu, kuprinti, kukopi, kudiliti. Mtu aliyejifunza kwa fundi kwamba jibu la tatizo ni "nenda Fail, kisha Sevu Azi", alipofungua dirisha lililoandikwa "hifadhi kama" alipotea katika lugha ya mama yake. Vitabu vya mafunzo vilikuwa vya Kiingereza, mitihani ya Kiingereza, na mashine ya ofisi ya pili ya Kiingereza. Wataalamu walitafsiri maneno. Njia nzima ya msafara hawakuweza kuitafsiri. Hata hivyo kazi haikupotea. Bofya, nywila, kipanya na pakua yamo leo katika vinywa vya watu.

Mambo mawili yamebadilika tangu hapo, na ndiyo yanayofanya swali la Kamati kuwa jipya. La kwanza ni simu. Android, iliyoingia sokoni mwaka 2008, kiini chake ni Linux, na ina Kiswahili. Anayesema Linux ni ngumu huenda anayo mfukoni. Na ninyi wa bwenini ambao simu kwenu ni marufuku, jifanyeni hamkusoma sentensi hii. La pili ni kwamba kazi zimehamia kwenye kivinjari. Wakala ya Serikali Mtandao iliundwa mwaka 2012 na kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019; mfumo wa malipo ya serikali wenye kontroli namba ulianza mwaka 2017; na mifumo mingi ninayoitumia kazini hufunguliwa kwa Chrome au Firefox. Kivinjari hicho ni kile kile katika Windows, Mac na Linux. Kituo kinachofuata sasa kinapokea nguo zote tatu.

Historia ya merikani ina sehemu ya mwisho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilikata pamba na bei ikapanda. Unguja haikufunga maduka. Nguo za viwanda vya Uingereza na Bombay ziliingia kwa wingi zaidi, na watu wakaendelea kuziita merikani. Ndivyo ninavyoona fundi leo akisema "fungua Word" huku kwenye kioo kuna LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010 na ambayo sasa husoma mafaili ya Word vizuri kuliko zamani, ingawa jedwali gumu bado huweza kuyumba.

Basi kuhusu kompyuta za shule. Kuzitupa ni israfu. Kuziacha na Windows 10 huku zimeunganishwa na mtandao ni hatari inayokua kila mwezi, maana tundu jipya likigunduliwa halizibwi. Nyongeza ambayo Microsoft iliwapa watumiaji wa nyumbani ina mwisho wake Oktoba 2026. Maoni yangu ni kwamba mashine zisizopokea Windows 11 ziwekewe Linux, na zile chache zinazoipokea zibaki na Windows yenye leseni halali, kwa sababu ofisi ya mhasibu inayotumia Tally haina pa kukimbilia, na mwanafunzi atakayeajiriwa atakutana na Word na Excel. Mashine yenye RAM ya GB 4 huendesha Linux Mint au Xubuntu bila taabu. Yenye GB 2 ifae kuandika tu, na asiahidiwe mtu zaidi ya hapo.

Nawashauri walimu wasianze kwa kufuta chochote. Linux huwashwa kutoka kwenye flashi kama kijana yule alivyofanya kwa sidii, na diski ya mashine haiguswi. Kidato cha pili wachukue mashine moja alasiri moja, waiwashe hivyo, wafungue karatasi za matokeo ya muhula uliopita, na wazichape. Printa ndiyo ya kujaribiwa kwanza, hasa zile za zamani na zile za bei rahisi, kwani nyingine hukubali mara moja na nyingine hazikubali hata kwa kubembelezwa. Waandike daftarini aina ya kila printa iliyopo shuleni na jibu lake. Daftari hilo wakilileta siku ya mkutano wetu, wanachama wenye mashine kama hizo majumbani watalinakili.